Aliyepewa Kubeba Waya

Mama Mapacha alizaliwa na hasira na hakuwahi kuificha. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alitoka tumboni amekunja uso, kama mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi, na tangu siku ile hakuukunjua. Kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, alikokaa miaka mingi, wagonjwa walimwogopa na walimpenda kwa sababu ileile: hakuna aliyeruka foleni mbele yake, awe amevaa tai, awe na shemeji mkubwa serikalini.

"Rudi nyuma, baba," angesema bila kuinua macho. "Homa haina daraja la kwanza."

Alipopita miaka arobaini aliamua kwenda chuo kikuu kusomea uongozi wa huduma za afya. Msimamizi wa zahanati alikuwa anakaribia kustaafu, na kiti chake kilitaka mtu mwenye digrii. Mumewe, dereva wa malori ambaye nyumbani kwake alikuwa mgeni zaidi ya mwenyeji, alimjibu kwa simu kutoka njiani: "Nenda mke wangu. Huko nako wapo watu wa kugombeza." Mapacha wake, wasichana wawili wa sekondari, walimnunulia mkoba wa mgongoni wenye mifuko mingi, wakamcheka alipokuwa akitafuta kalamu ndani yake.

Basi akawa anashika zamu ya asubuhi, na alasiri anapanda ngazi za jengo la chuo, miguu imevimba, hadi chumba cha majadiliano kwenye ghorofa ya tatu. Kilikuwa chumba cha meza zilizobanduka kingo, madirisha yasiyofunguka, na soketi moja tu inayofanya kazi, nayo iko nyuma ya mlango. Huko ndiko kundi lao lilikokutana kwa ajili ya kazi kubwa ya mwaka wa mwisho: kuchunguza kwa nini kina mama wanaoleta watoto kliniki mara ya kwanza hawarudi mara ya pili.

Walikuwa wanne. Kiongozi alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya redioni, ambaye wenzake walimwita Spika kwa kuwa hakuna aliyezungumza mpaka yeye ampe nafasi. Wa pili ni msichana aliyechapa kwa kasi ya kutisha. Huyo jina lake Vidole. Wa tatu Mama Mapacha. Wa nne alikuwa msichana kutoka nchi ya mbali, aliyekuja kusoma kwa ufadhili, na aliyekuwa amejifunza lugha ya hapa darasani kabla ya kuivaa mdomoni.

Siku ya kwanza Spika aligawa kazi.

"Mama, wewe ni mzazi wetu. Utatusimamia tu. Vidole ataandika. Mimi nitaunganisha na kuwasilisha." Akamgeukia mgeni, akatabasamu kwa meno yote. "Na dada yetu hapa tusimchoshe. Atatuletea ekstensheni ya umeme."

"Mimi nimesimamia foleni tangu hujaota ndevu," Mama Mapacha akasema. "Nimechoka kusimama. Nipe kazi ya kukaa."

Wakacheka, akapewa mahojiano ya wauguzi. Msichana mgeni alifungua mdomo. Alikuwa na desturi ya kutua kabla ya kusema, kama mtu anayepapasa ngazi kwa mguu gizani.

"Mimi ningependa..."

"Usijali kabisa, dada," Spika akamwahi. "Sisi tupo."

Tangu siku hiyo, kila walipokutana, msichana yule alishuka hadi ofisi ya mtunza jengo, akaacha kitambulisho chake rehani, akapanda na bunda la waya mweusi begani, akauchomeka nyuma ya mlango na kuuvuta mpaka mezani ili kompyuta za wenzake zipate umeme. Kisha akakaa. Wakampa jina la Waya. Alilipokea kwa furaha, akamwambia Mama Mapacha kwamba amemwandikia mama yake barua kumjulisha kuwa huku amepewa jina, maana kwao mtu hupewa jina la utani na wanaompenda.

Alipozungumza, sentensi yake ilikuja imenyooka, imechomekewa shati. "Anaongea kama taarifa ya habari," Vidole akasema siku moja, na hakusema kwa ubaya. Wote wakacheka. Waya naye akacheka. Lakini baada ya hapo alizidi kutua kabla ya kusema, na kila alipotua, mwingine aliingia kuijaza nafasi ile, kama maji yanavyojaza nyayo.

Kuna dhuluma inayokuja na rungu mkononi; hiyo ukiiona unakimbia au unapigana. Hii ya chumba kile ilikuja na kiti. Kaa, dada. Pumzika, dada. Usijali.

Mama Mapacha hakuiona. Hasira yake ilikuwa imezoea kutafuta watu wanaosukuma, na hapa hakuna aliyesukumwa.

Jumamosi moja jengo lilifungwa kwa ukarabati, akawakaribisha nyumbani kwake. Mdogo wake wa kiume, fundi wa friji, alikuwa jikoni amelala kifudifudi nyuma ya friji la familia, miguu tu ndiyo inaonekana. Wakafanya kazi sebuleni, wakanywa chai. Walipomaliza, Waya akainuka, akakusanya vikombe, akaenda navyo kwenye sinki, akashika sponji.

Mama Mapacha akamfuata mbio. "We mwanangu, hapana. Nyumbani kwangu mgeni haoshi vyombo." Akaitoa sponji mkononi mwake, akamshika mabega, akamrudisha kwenye kochi.

"Mama, mwache," Spika akatania kutoka sebuleni. "Angalau leo angefanya kazi."

Wakacheka. Mama Mapacha naye alicheka. Fundi friji alitoa kichwa nyuma ya friji, akamtazama msichana aliyekaa kochini na mikono mapajani, akarudisha kichwa.

Wageni walipoondoka, alikuja sebuleni akifuta vidole kwa kitambaa chenye grisi.

"Dada, yule msichana ni mleta nini?"

"Mleta nini vipi?"

"Kwenye kundi lenu. Lazima awe mleta kitu."

"Analeta ekstensheni."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilikuwa mleta viti."

Mama Mapacha akaacha alichokuwa akifanya. Mdogo wake huyu alikuwa amewahi kwenda kusoma uhandisi ng'ambo. Ukoo mzima ulimsindikiza, shangazi wakalia, picha zikapigwa. Kabla mwaka wa pili haujaisha akarudi na begi lilelile, na hakueleza. Nyumbani wakajieleza wenyewe: kafeli, mvivu, kapendezwa na starehe za watu. Baba yao alifariki akimwita mzigo uliorudishwa. Yeye akajifunza friji kwa jirani, akaoa, akanyamaza.

"Viti gani?" akauliza dada mtu.

"Chumba chetu kilikuwa na viti pungufu. Mimi nilitumwa chumba cha pili kuleta. Nikirudi, kazi imeshagawiwa. Nikiuliza nifanye nini, naambiwa usijali." Akajitazama vidole. "Hakuna aliyenitukana, dada. Ningetukanwa ningejibu, unanijua. Walikuwa wapole mno. Mwisho wa muhula wakaulizwa nani kati yenu hakufanya kazi, wakajibu kwa upole uleule."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba walinikalisha pazuri?"



"Halafu leo," akaendelea fundi, bila kupandisha sauti, "umemnyang'anya sponji."

"Ni adabu hiyo. Ni mgeni."

"Ana mwaka wa tatu hapa, dada. Methali ya mgeni na jembe ulinifundisha wewe mwenyewe."

Akarudi nyuma ya friji. Mama Mapacha akabaki amesimama katikati ya sebule yake na hasira isiyojua pa kwenda. Ilimwendea baba yao, lakini huyo kaburini. Ikawaendea watu wa mbali asiowajua sura. Mwisho ikarudi nyumbani, ikakaa na yeye, na yeye hakuwahi kuwa mwenyeji mzuri wa hasira yake mwenyewe.

Jumatatu akamvizia Waya kwenye ngazi, bunda la waya begani.

"Mwanangu, wewe kwenye ripoti umeandika wapi?"

Msichana akatua. Mama Mapacha akaona ulimi wake mwenyewe unataka kuruka kumsaidia, akauuma. Akangoja.

"Niliandika kurasa nne," Waya akasema. "Nilikwenda zahanati ya upande wa pili wa mji. Nilikaa kwenye benchi na kina mama na nikawauliza. Nilimtumia Vidole. Aliniambia asante."

Ripoti ilikuwa imeshakabidhiwa wiki iliyopita, yamebaki maandalizi ya kuiwasilisha. Mama Mapacha aliifungua palepale kwenye ngazi, akaipekua jalada hadi jalada. Waya alionekana mahali pamoja tu, kwenye shukrani: alishukuriwa kwa maandalizi ya chumba.

Akapanda hadi juu, akamkuta Vidole anachapa.

"Kurasa za Waya ziko wapi?"

"Nilisafisha, Mama. Zilikuwa na makosa."

"Ulizisoma?"

"Mama, muda ulikuwa umebana, na Spika alisema..."

"Nakuuliza kama ulizisoma."

Vidole akaacha kuchapa. "Nilisoma mwanzo."

Mama Mapacha akaomba azisome yeye. Hazikuwa kurasa za ajabu. Hakukuwa na lulu iliyofichwa ndani yake. Zilikuwa na makosa ya lugha, na mahali pamoja Waya alirudia jambo moja mara mbili. Lakini kulikuwa na mwanamke aliyemwambia kwamba hakurudi kliniki kwa sababu mara ya kwanza muuguzi alimsema mbele ya watu kwa nguo za mtoto, na kulikuwa na wengine wawili waliosema hivyohivyo. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi, ya kawaida kabisa. Kurasa za Mama Mapacha nazo zilikuwa na makosa. Tofauti ni kwamba za kwake zilisahihishwa na za Waya zilifutwa.

"Sasa usituharibie, Mama," Spika akasema alipoingia na kuelezwa. "Yule ni mtu wa kupita. Akimaliza anarudi kwao. Sisi ndio tutakaotafuta kazi na matokeo haya."

"Na asipomaliza?"

Spika akainua mabega.

Mhadhiri wao aliitwa Robo, kwa kuwa aliweza kukunyima robo alama na kukupa robo alama akiwa na uso uleule. Alikuwa na utaratibu wake, aliojivunia. Hakumpa mtu mmoja mmoja alama. Alilipa kundi zima jumla moja, kisha wanakundi wakagawana wenyewe mbele yake. "Mimi naleta ng'ombe mzima," alizoea kusema. "Kugawa nyama ni kwenu. Ninyi ndio mnaojua nani alichunga." Anayepata chini ya hamsini amefeli. Na lilikuwako sharti moja zaidi: kundi lisipoafikiana, kila mtu anapewa alama ya chini kabisa iliyotajwa mezani. Kwa Waya kufeli maana yake ufadhili umekatika, na ufadhili ukikatika ni begi na uwanja wa ndege. Hilo alikuwa amemweleza Mama Mapacha siku ile kwenye ngazi, kwa sentensi fupi, akitazama viatu vyake.

Siku ya mgawo waliingia ofisini kwa Robo, wakakaa wote wanne upande mmoja wa meza. Waya alikuja na bunda lake begani kwa mazoea, akaliweka chini miguuni.

"Ripoti nzuri," Robo akasema. "Mna mia mbili na themanini. Gaweni."

Spika alikuwa amejiandaa. "Dokta, sisi tumependekeza hivi. Mimi themanini na tano, Vidole themanini na tano, Mama sabini. Na mwenzetu arobaini."

Mama Mapacha akamgeukia. "Tumependekeza nani na nani?"

"Mama, kwa haki kabisa. Ukurasa wake uko wapi humu? Tuambie."

"Ukurasa wake uko kwenye kompyuta ya huyu," akasema akimnyooshea Vidole mkono, "ulikotupwa bila kusomwa. Mlimnyima kazi, alipojitafutia mkaifuta, na sasa mnakuja hapa mnauliza kazi iko wapi. Mtu mmemfunga mikono, halafu mnasema hapigi makofi."

"Hakuna aliyemfunga. Tumekaa naye vizuri mwaka mzima. Muulize mwenyewe kama kuna siku tumemkosea adabu."

"Mgogoro wenu wa ndani haunihusu," Robo akasema, akiangalia saa ya ukutani. "Mimi nataka kujua kama mmeafikiana."

Hapo Mama Mapacha akamgeukia yeye, na uso ule ambao wenye tai waliufahamu dirishani ukamwangukia msomi. "Dokta, kwa heshima yako. Ng'ombe umeleta, tunashukuru. Lakini ukiona mmoja amekaa nje ya boma tangu asubuhi, huulizi nani alifunga mlango?"

"Chuo hiki si boma, Mama. Huko nje dunia inagawana hivihivi. Hiyo alama ya sabini ni yako, huwezi kuikataa kwa ajili ya mtu mwingine ukaja kunilaumu." Akamtazama msichana. "Wewe unasemaje? Unakubali arobaini?"

"Anakubali, Dokta," Spika akasema. "Tulishaongea naye."

Mama Mapacha akaweka kiganja mezani, mbele ya Spika. "Umeulizwa wewe?"

 Waya alikuwa ametua, kama kawaida yake, na mara hii kutua kwake kulikuwa kurefu kuliko zote. Vidole akavuta pumzi ya kusema jambo. Mama Mapacha akamtazama, pumzi ikarudi ndani. Robo akagonga kalamu. Mama Mapacha mwenyewe alikuwa amejaa maneno mpaka kooni: maneno ya mdogo wake, maneno ya baba yake, maneno ya kuwatosha watu wote wa chumba kile na wa chumba kile kingine chenye viti pungufu. Ilimgharimu kuliko ugomvi wowote aliowahi kugomba, lakini hakusema. Aliacha kiganja chake pale, akalinda ule ukimya kama anavyolinda foleni, asipite mtu.

"Sikubali," Waya akasema.

Spika akamgeukia kwa mshangao wa kweli, kama kiti kilichosema. "Waya, hujaelewa. Ukikataa, wote tunapewa hiyo arobaini. Wote. Hata Mama aliyekutetea. Utatuangusha chini."

Akatua tena. Safari hii hakuna aliyethubutu kuingia.

"Nimeelewa," akasema. "Mimi niko chini tangu siku ya kwanza. Karibuni."

Alilisema kwa sauti ileile ya taarifa ya habari, amenyooka, kwa adabu zote, kama mwenye nyumba anayesogeza viti. Sabini ya Mama Mapacha nayo ilikuwa inakwenda shimoni, na kiti cha msimamizi pamoja nayo, na mkoba wa mapacha wake. Hakuondoa kiganja.

"Dada, tusifike huko," Spika akasema. Sauti ya redio ilikuwa imepotelewa na mawimbi. "Basi hamsini. Dokta, tumpe hamsini, apite."

"Ninyi nanyi mnapewa, hamtoi," akasema Waya. "Tuko wanne. Igawe kwa wanne."

Robo akatazama saa, kisha akawatazama. Vidole alikuwa wa kwanza kutamka, chini chini, bila kumwangalia mtu. "Sabini sabini."

Spika, labda mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo, akakubali kwa kichwa tu. Robo akaandika.

"Na kurasa zangu?" Waya akauliza. "Naomba zirudishwe ndani ya ripoti."

"Ripoti imeshafungwa, binti. Umepita. Shukuru."

Msichana hakushukuru. Aliinuka, akatoka. Bunda la waya likabaki sakafuni kama nyoka aliyelala. Wakalitazama watatu wao. Spika akamwita mlangoni, "Waya, ekstensheni yako," lakini hakugeuka, na pengine hakulisikia tena jina lile kuwa ni lake. Mwishowe ni Vidole aliyeinama kuliokota, akauliza linarudishwa wapi. Mwaka mzima hakuwa amejua.

Mama Mapacha aliteremka ngazi, akavuka barabara mbili, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mdogo wake. Alimkuta amepiga magoti mbele ya friji la duka la maziwa, bisibisi mkononi. Akamsimulia yote akiwa amesimama, mkoba bado mgongoni. Hasira haikuwa imepungua hata tone. Wale kina mama watatu wa kwenye benchi hawakuwamo kwenye ripoti na hawatakuwamo, na kuna mwanamke atakayesemwa kesho mbele ya watu kwa nguo za mtoto wake, kwa sababu kijana mmoja mwenye sauti nzuri hakutaka kungoja sentensi iishe.

"Alisema karibuni?" fundi akauliza.

"Alisema karibuni."

Fundi friji akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikakatika ghafla, na uso wake ukawa wa kijana aliyeshuka ndege zamani na begi lilelile, akakuta ukoo wake umeshaamua.

"Baba alikufa akiamini mimi ni mzigo," akasema.

"Najua."

"Na wewe uliamini."

Dada yake hakukana. Akavua mkoba, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake karibu naye. Fundi akaligeukia friji, akashika skrubu moja na kuikaza, akaikaza, akaendelea kuikaza ilhali ilikwishafika mwisho, mpaka kichwa cha skrubu kikakatika na kuanguka sakafuni kati yao.